Supu ya Karoti na Matufaha

Mwaka wa kwanza chuoni tulipewa zoezi la kueleza jinsi ya kupika chakula cha kwetu. Wenzangu waliandika kuhusu matoke na katogo. Mimi niliandika kuhusu supu ya karoti, viazi mviringo na matufaha. Karatasi iliporudi, mwalimu wetu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii ni supu au uji?" Neno matufaha alilipigia mstari na kuliwekea alama ya kuuliza. Kwao Unguja, alitueleza darasani, tufaa ni tunda lenye maji mengi linaloota kwenye mti mkubwa, wala si hili letu. Na supu ni ya mbuzi au ya makongoro, hunywewa asubuhi kwa chapati. Supu isiyo na hata mfupa mmoja alikuwa hajaisikia. Darasa lilicheka, nami nikacheka. Lakini chakula kile kilikuwa cha kwetu kweli, na siku ile sikupata nafasi ya kueleza kilifikaje.

Natoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hulala mabondeni na watu huenda shambani wamevaa makoti mazito. Baridi hiyo ndiyo iliyoleta matufaha kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima walihimizwa kuyapanda, na babu yangu akawa mmoja wao. Alipanda miche ishirini ya aina mbili, Anna na Golden Dorsett. Hupandwa pamoja kwa sababu Anna hauzai vizuri usipopata chavua ya mwenzake. Tena baridi yetu, pamoja na ukali wake wote, haitoshi kuupukutisha mti majani kama inavyokuwa Ulaya. Inabidi tuyachume kwa mkono, mti mmoja mmoja, ndipo mti uchanue. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa na miaka saba, na sijawahi kuipenda.

Babu alifariki nikiwa kidato cha tano. Wakati huo bei ilikuwa imeshaanguka. Matufaha yetu ni madogo na yana madoa, na huko Kampala yanawekwa kando ya yale ya Afrika Kusini yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Baba akaanza kusema miti ikatwe, shamba lipandwe viazi. Viazi hufuatwa na malori mpaka barabarani. Ada yangu ya chuo ingetoka kwenye viazi hivyo, kwa hiyo sikuwa na mdomo wa kupinga.

Likizo moja nilipata kibarua cha kuosha vyombo katika nyumba ya wageni kando ya Ziwa Bunyonyi. Jioni mpishi aliwapikia watalii supu nzito ya rangi ya machungwa. Sisi wafanyakazi tulikula posho na maharagwe. Supu ile niliijua kwa kulamba upawa kabla ya kuuosha. Ila niliviona vilivyoingia sufuriani: karoti, viazi, kitunguu, tangawizi, matufaha. Vyote vilikuwa nyumbani kwetu, na matufaha yalikuwa yakiozea chini ya miti.

Nilimfikiria kaaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kikiga. Tangu babu afariki alikuwa hali. Meno yake yamebaki machache, lakini shida haikuwa meno tu. Mama alimpikia uji wa mtama. Alikunywa nusu kikombe, kisha akakisukuma pembeni na kugeukia ukuta. Mkono wake ulikuwa umekonda hata bangili ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko.

Mara ya kwanza nilipojaribu, nilitia vyote sufuriani kwa pamoja. Saa nzima ikapita, karoti ngumu kama kuni. Mama alichungulia akauliza, "Mwanangu, hayo matunda umeyatia ya nini?" Kwetu tunda ni la watoto wanaochunga mbuzi, haliingii chunguni. Baba alisema wazungu wamenifundisha kupoteza chakula. Nilitaka kumjibu kwamba matoke nayo ni matunda, lakini baba yangu hajibiwi hivyo. Supu ile walipewa nguruwe wa jirani.

Niliporudi kazini mpishi alicheka sana. Ukali wa tunda, alisema, huizuia mizizi isilainike. Tena huko kwetu juu maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo karoti zinachelewa hata kabla hujazikorofisha kwa tunda.

Basi mara ya pili nilikaanga kitunguu na tangawizi kwa mafuta kidogo mpaka kitunguu kikalegea. Nikatia karoti nane zilizokatwa nyembamba na viazi vitatu, nikamimina maji yakazifunika, nikafunika sufuria na kusubiri. Sikutazama saa. Nilichoma karoti kwa ncha ya kisu mpaka kisu kikaingia bila kusukumwa, ndipo nikatia matufaha matatu yaliyomenywa, yale makali ambayo hakuna anayeyanunua. Dakika kumi tu yakayeyuka. Mashine ya kusagia hatuna. Niliponda kwa mwiko, nikachuja kwa kichujio cha chai, kijiko kwa kijiko, mpaka mkono ukauma. Karoti peke yake huwa na utamu unaokinaisha, na kiazi hakina la kusema. Tufaha ndilo linaloufanya ulimi utake tena.

Kaaka alikishika kikombe kwa mikono miwili, nadhani kwa ajili ya joto tu. Akaonja.

"Ni ya miti ya mzee?" akauliza.

"Ndiyo, kaaka."

Alikunywa polepole mpaka mwisho, akanirudishia kikombe, akasema imekosa chumvi. Mama alikuwa mlangoni. Alikichukua kikombe akakitazama ndani, kisha akaenda jikoni bila neno. Kesho yake nilimkuta anamenya karoti.

Zoezi lile nilipata 11 kwa 20. Sikulalamika, nilikuwa nimeandika viungo na hatua za kupika tu, na hayo mengine niliyaacha.

Niliporudi nyumbani Desemba, shamba la babu lilikuwa tayari limelimwa matuta ya viazi. Visiki vilikuwa vimerundikwa kando kusubiri kuwa kuni. Nyuma ya jiko ilikuwa imebaki miti miwili. Nilimuuliza baba, akasema hakupata muda wa kuimaliza. Niliizunguka na kuyaangalia matunda yake: mmoja ulikuwa Anna, na wa pili Golden Dorsett.