Hadithi Saba za Bibi

Mwaka 2006 kompyuta yangu ilikuwa na diski ngumu ya gigabaiti 40, imegawanywa sehemu mbili: C ya Windows, D ya vitu vyetu. Kwenye D ndiko alikokuwa bibi. Mwaka uliotangulia nilikwenda kwake Pangani na redio kaseti, nikamrekodi usiku baada ya usiku, kisha kanda nikaziingiza kwenye kompyuta. Hadithi moja, faili moja ya MP3, kila dakika ikila karibu megabaiti moja. Zilitimia 34.

D ikajaa. Nikanunua diski ya gigabaiti 80 Kariakoo. Siku hizo kufunga diski ya pili ilikuwa kazi ya mikono: unafungua sipiyu, unachomeka waya mpana kama utepe, unahamisha kijiplastiki kwenye pini za nyuma ili mashine ijue ipi ni masta na ipi ni slevu. Hayo niliyaweza. Nikachagua kila kilichomo kwenye D, nikakata, nikabandika kwenye diski mpya. Sikunakili, nilikata.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, ukame umelishusha maji Bwawa la Mtera, na mimi nilijua. Umeme ulizimika folda ya hadithi ikiwa ndiyo kwanza imemaliza kuhama.

Uliporudi nikatazama: majina yote 34 yapo, ukubwa upo, tarehe zipo. Nikamalizia folda zilizobaki, diski ya zamani nikaifomati na kuipakia Windows upya.

"Mwanangu, za bibi yako zipo?" mama aliuliza.

"Zipo, mama."

Kwa jibu hilo kaka yangu alizichukua kaseti akarekodia taarabu ya harusi.

Nisilolijua wakati huo ni kwamba Windows inaposema faili imefika, huenda sehemu yake bado inaelea kwenye kumbukumbu ya muda, inangoja zamu ya kuandikwa kwenye diski. Mfumo wa NTFS una daftari lake la kuokoa mambo umeme ukikatika, lakini daftari lile hutunza majina, ukubwa na mahali pa faili. Yaliyomo ndani halitunzi. Jina linapona, sauti inapotea, na wewe unayetazama majina huoni tofauti yoyote.

Bibi alifariki mwaka 2007. Siku ya arobaini tulikaa uani, nikaunganisha spika. Kuanzia ya 1 mpaka ya 27 alisimulia vizuri, na kikohozi chake, na jogoo wa jirani. Ya 28 haikufunguka. Wala ya 29. Wala zote mpaka ya 34. Baadaye nilizifungua kwa programu inayoonyesha baiti moja moja: sifuri, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho. Mama hakunilaumu. Aliuliza tu kama ile ya binti na chewa ilikuwa miongoni mwa zile. Ilikuwa ya 31.

Juzi nimeihamisha D tena, safari hii kwenye SSD ya terabaiti moja. Haina sahani inayozunguka wala mlio. Sikukata kitu. Nilinakili, laptopu ikiwa na chaji kamili, kisha programu ikapiga hesabu ya SHA-256 kwa kila faili pande zote mbili, herufi na tarakimu 64 kwa 64. Zilipolingana ndipo nikaipa diski mpya herufi D. Ya zamani iko kabatini, itakaa huko miezi mitatu bila kuguswa. Kazi iliyokuwa ikinichukua usiku mzima iliisha chai haijapoa, na uangalifu wote huu ningeuhitaji kwa saa moja tu ya mwaka 2006.

Folda ya hadithi ilipofikiwa nilisogea karibu na skrini. Ya 28, imelingana. Ya 29, imelingana. Ya 31, ile ya binti na chewa, ni megabaiti 9 za sifuri, nazo zimefika zote salama. Nimeihamisha mara nne sasa. Sijaifuta.