Kila Mtu na Begi Lake

Wanawake wengi wakisikia mwanaume anambebea mkewe mzigo, wanasema shosti umebahatika. Na kweli, mume wangu ni mtu wa kubeba. Sokoni anabeba, safarini anabeba, na tulipopata huu ugonjwa wa kukimbia milimani akabeba pia: maji yote, makoti yote, na simu zote mbili.

Raha, au siyo? Sasa subiri. Anayebeba maji ndiye anayeamua mnywe saa ngapi. Anayebeba chakula ndiye anayeamua mpumzike wapi. Halafu Julai mwaka juzi, kwenye msitu wa Magamba juu ya Lushoto, ukungu ukashuka tukapotezana karibu saa nzima. Nina fulana imelowa jasho, baridi ya Usambara unaijua, na koti langu liko mgongoni mwa mtu nisiyemwona. Tulipoonana nikamwambia, baba, kuanzia leo kila mtu na begi lake.

Akanuna siku mbili. “Kwani mama, mimi nimeshindwa kubeba?” Wala hakushindwa. Nikamkumbusha Simon Mtuy, mwanamilima wetu wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 2006 aliupanda mlima na kuushuka kwa saa 9 na dakika kadhaa huku amebeba vyake mwenyewe. Akacheka, yakaisha. Au tuseme yakapoa.

Kazi ikawa kupata begi lenyewe. Begi la shule halifai, mwenzangu. Ukikimbia linakupiga kiunoni kama ngoma. Linalotakiwa ni lile linalovaliwa kama kizibao: linakumbatia kifua, mzigo unakaa juu katikati ya mabega, na chupa za maji ziko mbele unapozifikia bila kusimama. Kutoka Lushoto mpaka Mtae unalala vijijini, huhitaji hema wala jiko, kwa hiyo lita 20 zinatosha. Mwenye hema atafute lita 30. Usinunue kubwa “kwa usalama”, maana begi ni kama kabati la nguo, nafasi ikiwepo utaijaza tu. Langu tupu halifiki gramu 700, na likijaa, maji ndani yake, sitaki lizidi kilo 5. Kumbuka lita moja ya maji peke yake ni kilo nzima.

Sasa wanawake tusikilizane. Mabegi mengi yameshonwa kwa kifua cha mwanaume. Tafuta lenye mikanda miwili ya kifuani inayopanda na kushuka, mmoja ukae juu ya matiti na mwingine chini yake, usikubali kubanwa katikati. Pima na mgongo: kutoka kifundo cha shingo mpaka juu ya mfupa wa nyonga, kwa sababu urefu wako wote hausemi kitu. Halafu litie uzito, livae, rukaruka pale pale dukani. Watakucheka. Waache.

Mimi nilirukia soko la Memorial, Moshi, kwenye mitumba, na muuza akaniita mama kangaruu. Vuta kila zipu mara tatu, nyoosha lastiki uone kama inarudi, na kagua ndani kama utando unabanduka. Mvua itapenya hata begi jipya, kwa hiyo nguo kavu ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji (zile rambo za zamani zilipigwa marufuku 2019, na sizililii). Kwapani na chini ya sidiria paka mafuta ya mgando kabla ya kuanza, la sivyo utaoga ukilia.

Mwaka jana tulifika Mtae, kila mmoja na lake. Mara mbili nilimwacha nyuma, nikakaa juu ya jiwe nikala karanga zangu kwa saa yangu. Yeye naye kanunua begi la lita 12, eti anataka kasi. Sasa ananiomba nimwekee sweta lake kwangu.

Nimemwambia nitafikiria.