Mti wa Katuruka na Ukoo wa Lugha Zetu

Siku ukifika Muleba, simama kidogo penye magari usikilize. Huyu asema Kihaya cha Ihangiro, yule cha Kiziba, mwingine Kinyambo cha Karagwe, na mchuuzi wa dagaa asema Kisukuma. Wakipatana bei hutumia Kiswahili. Kila mmoja hudhani lugha yake iko mbali na ya mwenziwe. Basi waulize neno moja tu: watu. Mhaya atakujibu abantu, Msukuma banhu. Hata Mzulu wa Afrika Kusini, karibu kilometa 3,000 kutoka ziwa letu, husema abantu, sawasawa na Mhaya.

Hayo si ya bahati. Lugha zina ukoo kama watu. Katika Kilatini baba ni pater. Mtaliano asema padre, Mfaransa père, Mjerumani Vater. (Neno letu padri tulilipata kwa Wareno.) Lugha zetu nazo ni ndugu, zipatazo 500, na mwaka 1862 Mjerumani Wilhelm Bleek aliziita Kibantu kwa neno lilelile la watu.

Je, zimetoka wapi? Wataalamu husema zilianza mpakani mwa Nigeria na Kameruni, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Utauliza: walijuaje, na hapakuwa na mwandishi? Fikiri habari ya kibanja. Kibanja cha babu kina migomba ya kila aina. Mwana akihama hubeba machipukizi ya aina chache tu, na mjukuu akihama tena hubeba machache zaidi. Basi penye aina nyingi ndipo pa kale. Huko Kameruni lugha za jamaa hii hutofautiana sana hata katika eneo dogo. Kusini zafanana mno.

Sasa twende Katuruka, kusini ya mji wa Bukoba, katika nchi ya Maruku. Hapo palisimama mti mkubwa ulioitwa Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Wengi wangecheka. Lakini mwaka 1970 Mmarekani Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba pale pale walipomwonyesha. Akakuta masalio ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, ya kale kuliko Rugomora mwenyewe! Pamoja nayo vyungu vya namna iitwayo Urewe, kwa jina la mahali huko Kenya magharibi. Kweli, chungu hakisemi lugha. Hata hivyo wataalamu wengi huviona vyungu hivyo kuwa alama ya wasemaji wa Kibantu wa kwanza kukaa kandokando ya ziwa. Hata leo Mganda huita chuma ekyuma.

Lakini tusichanganye lugha na damu. Wafalme wa Kiziba walikuwa Babito, ambao masimulizi huwaleta kutoka Bunyoro, na asili yao hutajwa kuwa jamaa ya Waluo wa kaskazini, ambao lugha yao si Kibantu kabisa. Walipata ngoma na kiti cha enzi, lakini lugha hawakuileta. Watoto wao walilelewa na mama wa nchi, wakasema lugha ya mama.

Na jambo hilo halikuisha zamani za wafalme. Mjini Bukoba kuna nyumba ambamo bibi husema Kihaya na mjukuu humjibu kwa Kiswahili. Ukoo ni uleule, maana Kiswahili nacho ni Kibantu. Ila umwulize mjukuu huyo maana ya jina Kaiija, atamtazama bibi yake.