Kocha wa Maisha: Tunamlipa Nani, na kwa Kazi Gani?

Mwishoni mwa mwaka uliopita wa masomo, binti mmoja wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini kwangu, akaniamkia, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Alitaka barua. Hakuwa amefanya mitihani miwili, na kanuni zinamtaka mwanafunzi wa namna hiyo aeleze sababu kwa maandishi, nayo idara itie neno lake. Nilipomuuliza sababu, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Dokta, nilikosa nauli ya kurudi chuoni. Fedha zilikwisha kwa kocha."

Kwa sekunde chache nilidhani anazungumzia mpira.

Alikuwa amelipa shilingi 50,000 kuingia katika semina ya siku moja, kisha shilingi 350,000 kwa kile alichoambiwa ni safari ya wiki nane ya kuligundua kusudi la maisha yake. Fedha zote zilitoka katika mkopo wa elimu ya juu, zile ambazo wanafunzi huziita bumu. Baba yake alikuwa amepatwa na kiharusi wakati wa mavuno, mama yu peke yake shambani, na wadogo zake wawili wako sekondari. Kocha alimsikiliza kwa dakika chache mbele ya ukumbi mzima, akatangaza kwamba umaskini ni uamuzi. Watu wakapiga makofi. Binti naye akapiga.

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo sasa naijutia, kwa nini hakuja kwetu walimu kabla ya kupeleka fedha huko. Akanitazama kwa adabu, akajibu: "Nilikuja, Dokta. Mwezi wa tano. Uliniambia nijiamini."

Sikukumbuka. Bado sikumbuki. Inaelekea nilikuwa na rundo la majaribio ya kusahihisha, nikamtoa mlangoni kwa neno lile lile ambalo mwenzangu wa ukumbini analitoza fedha. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilimpa bure.

Kwa hiyo siandiki ili kuwacheka makocha. Kazi yenyewe ipo na ina maana, nami nimewahi kunufaika nayo, kama nitakavyoeleza. Jina lake limesafiri kwa njia ndefu. Kocs ni kijiji cha Hungaria kilichosifika karne nyingi zilizopita kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi, na jina la gari likaenea Ulaya. Wanafunzi wa Oxford, katika karne ya 19, wakalitumia kwa utani kumwita mwalimu wa pembeni aliyewavusha katika mitihani. Baadaye likahamia viwanjani, na kwetu likafika kama kocha. Viwanjani pia ndiko fikra ya leo ilikochipukia. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, Mmarekani aliyefundisha tenisi, alichapisha kitabu kinachodai kwamba mchezaji huzuiwa zaidi na makelele ya ndani ya kichwa chake kuliko na mpinzani wake. Kazi ya mwalimu, kwa hiyo, ni kumsaidia aone mwenyewe, na kupunguza amri. Mwingereza John Whitmore aliipeleka fikra hiyo maofisini, na Thomas Leonard, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kuwashauri watu juu ya fedha zao, akaanzisha Marekani shule ya makocha, na mwaka 1995 shirikisho lao la kimataifa.

Msingi wa yote hayo ni mmoja. Kocha wa maisha huuliza, husikiliza, humsaidia mtu mzima aliye timamu kupanga hatua na kuzifuatilia. Mshauri nasaha na daktari wa afya ya akili hushughulikia jeraha. Mlezi wa kitaaluma hukuonyesha njia aliyoipita yeye. Mhamasishaji hukupasha moto kwa saa mbili, kisha hukuacha upoe kwenye daladala. Kila mmoja ana mahali pake, lakini hapa kwetu wote wamevalishwa suti moja na kuitwa kwa jina moja, na ndipo mnunuzi anapopotea.

Wazee wa mwambao wasingelishangaa sana. Mwari alikuwa na somo wake, mwanamke aliyempelekea yale asiyoweza kumwambia mama. Somo alifundisha zaidi kuliko alivyouliza, na hapo anatofautiana na kocha wa leo. Lakini aliishi mtaa uleule, watu walimjua yeye na walimjua mama yake. Akipotosha, aibu ilimfuata hadi kisimani. Kocha wa mitandaoni tunayemlipa leo kwa simu hana kisima cha kukutana nasi kesho.

Wala hana baraza la kumwita. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari, wakili huapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na kila mmoja wao anaweza kufutwa. Kocha anahitaji tu kipaza sauti na bango. Si Tanzania peke yake; katika nchi nyingi kazi hii haina leseni.

Lakini jambo linalonikera zaidi ni la kisiasa. Sekretarieti ya Ajira inapotangaza nafasi chache, waombaji huwa maelfu. Mtu anayewaambia wanaobaki nje kwamba tatizo ni fikra zao anafanya kazi ambayo hakuna waziri angethubutu kuifanya hadharani, tena kwa gharama ya wahitimu wenyewe. Vivyo hivyo maofisini. Mtumishi aliyekaa miaka bila kupandishwa daraja, mwenye malimbikizo asiyojua yatalipwa lini, huitwa ukumbini na kuambiwa abadili mtazamo. Nimehudhuria mafunzo ya namna hiyo. Nimekula pilau yake na kusaini posho yake, kwa hiyo sijifanyi mtakatifu. Ila sikuwahi kusikia mzungumzaji hata mmoja akimuuliza mwajiri swali.

Sasa yangu mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilipendekezwa kuongoza idara, nami nilikuwa katikati ya kitabu ambacho hakikuwa kikisogea. Sikulala vizuri kwa miezi. Rafiki akanielekeza kwa kocha mmoja, kijana nadhifu mwenye ofisi inayonukia udi. Katika saa moja alizungumza kwa dakika hamsini. Alinieleza kwamba mimi ni kiongozi wa kuzaliwa, kwamba cheo kile ni hatua ya kwanza tu, na kwamba mpango wa miezi sita una punguzo nikilipa siku ileile. Nilitoka nimevimba kichwa, na usiku ule sikulala vilevile.

Wa pili alikuwa mama mmoja, afisa utumishi mstaafu, aliyesomea kazi hii baada ya kustaafu. Kabla ya lolote aliniwekea karatasi ya ukurasa mmoja: tutakutana mara sita, kila mara kwa kiasi hiki, tutakayozungumza hayatoki nje, na kila mmoja wetu anaweza kusitisha wakati wowote. Kisha akauliza, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinitesa. Siku ya pili aliniuliza: "Ukikikataa cheo hiki, nani utakuwa umemvunja moyo?" Nilifungua kinywa nitaje mkuu wa chuo, likatoka jina la marehemu baba yangu, karani aliyestaafu bila kuitwa bwana mkubwa hata siku moja. Nilikaa kimya, naye akaniacha nikae. Siku ya tatu, nilipotaja tena habari ya usingizi, alifunga daftari. "Hili si langu, mwanangu. Nenda hospitali kwanza, ndipo uje." Ilikuwa shinikizo la damu. Cheo nilikikataa, mwenzangu aliyekichukua anakimudu kuliko ambavyo ningekimudu mimi.

Kutokana na hayo mawili nimejifunza namna ya kutazama. Muulize alisomea wapi na ameketi na watu kwa saa ngapi. Lile shirikisho la kimataifa, kwa cheti chake cha ngazi ya kwanza, hutaka angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi. Ngazi ya pili saa 500 za kazi, na ya juu kabisa 2,500. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwema, lakini anayekasirika kuulizwa amekwisha kukujibu. Omba mazungumzo mafupi ya awali bila malipo, na uhesabu nani amesema zaidi. Dai makubaliano ya maandishi na risiti. Tazama pia kurasa zake: akiwa anaanika machozi na picha za wateja wake kama matangazo, ujue kesho ni zamu yako. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na siri zako ni taarifa zako. Na muulize swali ambalo mama yule alilijibu kabla sijaliuliza: ni jambo gani likitokea utanipeleka kwa mtu mwingine? Asiyejua mpaka wa kazi yake atakuchukua na ugonjwa wako, na deni lako, na ndoa yako, vyote kwa bei moja.

Kwa mwanafunzi naongeza jambo moja, na hapa sitafuni maneno: usimlipe kocha kwa fedha ya chakula. Mgeuzie maswali mlezi wako wa masomo, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, shangazi mwenye busara. Nasi walimu tuwe tumeketi.

Barua niliiandika. Safari hii nilifunga kompyuta, nikamuuliza binti yule anahitaji nini kwanza, na jibu halikuwa kusudi la maisha. Alihitaji kujua kama mitihani maalumu ya Septemba inahesabiwa kuwa ni kufeli. Haihesabiwi. Alihitaji pia mtu wa kumweleza mama yake kwamba hajafukuzwa chuo, tukapiga simu pale pale. Mama aliuliza mara tatu kama kweli mimi ni mwalimu.

Mitihani ameifanya. Fedha hazijarudi, hakupewa risiti, na namba aliyotumia kulipia haipokelewi. Ujumbe, hata hivyo, unaendelea kumfikia kila Jumatatu alfajiri kutoka namba hiyohiyo, ukimkumbusha kwamba yeye ni tai.