Macho Yako Katikati ya Kichwa

Miaka mitatu iliyopita usharika wetu uliamua kuwa na sanamu za mbao za Krismasi: Yusufu, Mariamu, wachungaji wa kondoo na mtoto horini. Fundi tuliyempata ni mzee wa Kimakonde anayechonga nyuma ya soko. Nilipompelekea kazi nilimwomba anifundishe, nami nichonge walau sanamu moja. Akacheka. "Basi mchungaji achonge mchungaji. Karibu."

Mpingo hakunipa, kwa kuwa ni mgumu mno kwa anayeanza. Alinipa kipande cha mringaringa, tezo ndogo na patasi mbili. Nilianza na uso: macho, pua, mdomo. Jioni ya tatu nilimwonyesha, nikingoja anisifu. Alikigeuza kile kichwa mkononi mwake, akauliza kwa upole, "Mchungaji, huyu ubongo wake umekaa wapi?"

Akachukua kijiti, akanipima kuanzia utosini hadi chini ya kidevu, akakikata na kukikunja katikati. Kisha akaweka ncha moja kidevuni pangu. Ncha ya pili ilifika machoni. Sikuamini. Usiku nilijipima tena mbele ya kioo, ikawa vilevile: macho yako katikati ya kichwa. Ya mchungaji wangu yalikuwa karibu na utosi.

"Kila anayeanza huyapandisha," mzee aliniambia kesho yake. "Uso ndio unaosema nawe. Utosi na kisogo havisemi, kwa hiyo unavipunja."

Akaendelea kunifundisha vipimo. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ya kutosha jicho lingine. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa ncha ya pua. Ukimtazama mtu kwa ubavu, kichwa chake kutoka paji hadi kisogo kinakaribia urefu wake wa kutoka utosini hadi kidevuni. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, lakini mtoto mchanga ana vichwa vinne tu. Kwa hiyo mtoto wa horini hawezi kuchongwa kama mzee aliyepunguzwa.

Nikamwuliza nitakirekebishaje kichwa changu. Alitikisa kichwa. "Mti ukishaondoka haurudi. Ndiyo maana pua tunaiacha kubwa kwanza. Pua kubwa utaipunguza. Pua ndogo utaikuza na nini?"

Nilirudi nyumbani na neno hilo, na usingizi haukuja. Nilikuwa nikimfikiria kijana mmoja.

Alikuwa kiongozi wa kwaya yetu. Mara mbili alikuja mazoezini akinuka pombe. Nililipeleka jambo hilo katika kikao cha wazee wa kanisa, tukamwondoa katika uongozi, nami nikatangaza mbele ya kwaya nzima, yeye akiwa amesimama pale. Utaratibu niliufuata. Hakuna aliyenilaumu. Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipojua kwamba mama yake alikuwa kitandani kwa miezi mingi, na kwamba kijana yule, akitoka kazini, alikuwa akimwuguza peke yake hadi usiku wa manane. Mimi, mchungaji wao, sikuwa nimebisha hodi kwao hata mara moja.

Sisemi kwamba pombe ilikuwa sawa. Pua ni pua, na ilikuwepo. Lakini nilimpima mtu kwa sehemu ile tu iliyosema nami, nikakata haraka, tena hadharani.

Chuo cha theolojia kilinifundisha kutolisoma neno moja bila kusoma sura nzima. Habari za Samweli nyumbani kwa Yese nimezihubiri zaidi ya mara moja, jinsi hata nabii alivyovutwa kwanza na sura na kimo cha Eliabu. Niliwahurumia wote wanaohukumu kwa macho, nisijue kwamba nami nimo.

Nilikwenda kwao. Alinipa kiti na chai. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimekusamehe, Mchungaji." Naamini amenisamehe. Lakini kwayani hajarudi. Jumapili anakaa benchi la mwisho, na ibada ikiisha hutoka mapema. Namsalimu nikimpata. Simharakishi.

Sanamu yangu ya pili ilikubaliwa, na kila Krismasi husimama karibu na hori. Ile ya kwanza, yenye macho juu na isiyo na kisogo, naiweka juu ya meza ya ofisi ya usharika. Wazee wanapoleta jambo la mtu, huiangalia kwanza, kisha nauliza: nani amefika nyumbani kwake? Kama hakuna, tunaahirisha kikao na mmoja wetu anakwenda. Mara nyingi ni mimi.

Wapendwa, tunaamini kwamba Mungu anajua hata idadi ya nywele zetu. Nywele haziko usoni. Ziko sehemu ile ya kichwa ambayo mimi niliisahau.