Namba Isiyouzwa Dukani

Mwaka juzi shule yetu ilipata paneli moja ya sola na betri yake ya volti 12. Wazazi wakachanga fedha, tukaazimu kutia taa katika chumba cha kusomea. Chumba hicho zamani kilikuwa ghala, nacho hakina dirisha hata moja. Hata adhuhuri mtoto haoni herufi. Kazi ikawekwa mikononi mwetu, kwa kuwa ndisi tunaofundisha sayansi.

Tulichagua vijitaa vya LED, ambavyo hula umeme kidogo. Lakini kijitaa cha namna hii hakijui kiasi: kikipewa umeme mwingi huupokea wote, kikaharibika. Kwa hiyo hutiwa pamoja nacho rezista, yaani kijipande chenye miguu miwili ya waya, ambacho kazi yake ni kuuzuia umeme usipite ovyo. Nguvu yake ya kuzuia hupimwa kwa omu, jina lililotokana na Georg Simon Ohm wa Ujerumani. Huyo alikuwa mwalimu wa shule, na kanuni yake aliichapisha mwaka 1827.

Alfajiri moja tuliipima betri, tukaona volti 12 kamili. Vijitaa vitatu vilivyofuatana katika mstari mmoja, kila kimoja kikitaka volti 3.1, hutumia 9.3, husalia 2.7. Umeme tuliotaka upite ni miliampea 20, yaani ampea 0.02. Tukagawanya 2.7 kwa 0.02, tukapata omu 135. Tukaiandika namba hiyo ubaoni mbele ya darasa la saba, tukaipigia mistari miwili.

Tukaenda mjini kwa fundi redio, mzee mmoja aliyezoea kazi yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu.”

“Twataka rezista nne za omu 135.”

“Hiyo haiuzwi, mwalimu. Iko 120, na iko 150. Chukua 150.”

Tukadhani ni uhaba wa duka lake. Tukamwomba atupe nne za 120 na nne za 15, ili tuziunge mbili mbili tupate 135 yetu. Akatutazama, akazihesabu, asiseme neno.

Baadaye ndipo tulipojifunza kwa nini namba ile haikuwamo. Viwandani rezista hutengenezwa kwa namba zilizochaguliwa, na katika safu moja mashuhuri zimo 12 tu: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82. Kisha zarudi zile zile kwa mamia na kwa maelfu. Kila namba yaizidi iliyotangulia kwa sehemu moja ya tano hivi. Mfano wake ni sufuria za dukani, zinazoingiana moja ndani ya nyingine. Mama mwenye wageni saba hatafuti sufuria ya watu saba. Hutwaa ile itoshayo.

Tena namba hizo hazikuwekwa kwa kubahatisha. Rezista za safu hiyo zaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa sehemu 10 katika mia. Basi iliyoandikwa 120 yaweza kuwa na omu 108 hadi 132, na ya 150 yaweza kuwa na 135 hadi 165. Mipaka yao yakaribiana au kupitana, hata ni vigumu rezista kutoka kiwandani ikakosa jina. Shauri la kupunguza vipimo namna hii ni la kale. Katika miaka ya 1870 na kitu, Charles Renard, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alishughulikia kamba za maputo ya kupaa angani. Yasemekana aina zake zilikuwa 425, naye akazipunguza zikawa 17. Na mwaka 1952 namba za rezista zilichapishwa kuwa kanuni ya mataifa.

Turudi chumbani kwetu. Taa ziliwaka vizuri, watoto wakafurahi, zikawashwa tangu asubuhi hata jioni. Haikupita miezi miwili mstari mmoja ukazimika kabisa, na mingine mitatu ikafifia. Fedha ilikuwa ya wazazi, na wengine walikuwa wameuza kuku ili waitoe. Tulirudi kwa yule mzee tukiwa na haya.

Akauliza neno moja tu: “Betri uliipima saa ngapi?”

Tukajibu, “Alfajiri.”

“Na jua la saa saba hukulitia hesabuni?”

Hapo tukafahamu. Jua likiwa kali, betri inayojazwa hupanda hata volti 14.4. Ukiondoa 9.3, hubaki 5.1, na kwa omu 135 zetu zilipita miliampea 38, karibu mara mbili ya kiasi. Hata ile 150 isingetuokoa, maana ingepitisha 34. Tulikuwa tumeshindania omu 15, nasi tumesahau volti mbili na zaidi.

Tukafanya hesabu upya mbele yake. Tukagawanya 5.1 kwa 0.02, tukapata 255. Hiyo nayo haimo katika safu ile, wala safari hii hatukuitafuta. Tukatwaa 270, iliyo juu yake, yenye mikanda ya rangi nyekundu, zambarau, kahawia na dhahabu. Mkanda wa dhahabu maana yake haikosi kwa zaidi ya sehemu 5 katika mia; basi hata ikipungua haishuki chini ya omu 256. Alfajiri hupitisha miliampea 10 tu, na mwanga huwa hafifu kidogo, lakini herufi zaonekana.

Vijitaa vipya tulivinunua kwa mshahara wetu. Kisha tukaliita darasa la saba, tukaandika 135 ubaoni mara ya pili, tukawaeleza kosa letu tangu mwanzo. Mtoto mmoja akauliza kama tulikosea kugawanya. Tukamwambia, la, kugawanya kulikuwa sawa; tulichokosa ni kuuliza kama betri hukaa vile vile mchana kutwa, na kumsikiliza mtu aliyeijua kazi. Tangu siku hiyo, kabla ya kugawanya chochote, watoto wale hutuuliza kwanza, “Mwalimu, imepimwa saa ngapi?” Nasi hatukasiriki.