Kazi ya Kungoja

Kungoja ni kazi ambayo aghalabu watu hawaihesabu kuwa kazi. Mkulima hungoja mvua, mvuvi hungoja maji yapwe, na mgonjwa hungoja zamu yake mlangoni pa tabibu. Walakini hapana hata mmoja wao ambaye husema kuwa saa zile alikuwa kazini. Mimi pia nilikuwa na fikira hiyo mpaka nilipojifunza kuandika programu za kompyuta ambazo huendesha shughuli nyingi bila ya shughuli moja kuizuia nyingine. Elimu hiyo ilinipa mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa kungoja kwaweza kufanywa vizuri au vibaya. La pili ni kuwa kosa hupenda kujificha katika saa ya kungoja kuliko katika saa ya kutenda. Fundisho la kwanza nililipata vitabuni kwa siku chache. La pili lilinigharimu heshima yangu mbele ya mama mmoja ambaye hakuwa amenikosea neno.

Katika mtaa wetu mjini Tanga kina mama 24 walikuwa na chama cha upatu. Kila Ijumaa kila mmoja alitoa shilingi 10,000, na mwenye zamu alipokea shilingi 240,000. Sharti la chama lilikuwa kali, kama yalivyo masharti ya vyama vya wanyonge: aliyekosa kutoa alilipa faini ya shilingi 5,000, na zamu yake ilirudishwa mwisho wa safu. Fedha zilitumwa kwa simu zikaingia katika akaunti ya chama. Shangazi yangu alikuwa mweka hazina, naye aliandika majina katika daftari. Macho yake yalipoanza kudhoofika alinitaka mimi, niliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimfanyie kazi ile kwa kompyuta. Nilikubali kwa furaha. Nani asiyependa kuonyesha kwao kuwa karo yake haikupotea bure?

Niliandika programu kwa lugha ya Python. Taarifa ya malipo ilipofika, programu ilifungua orodha ya wiki ile kuona kama jina la mlipaji limekwisha andikwa. Kisha iliuliza seva ya malipo kama fedha zimeingia kweli. Jibu likija iliongeza jina, ikaihifadhi orodha, ikampelekea mlipaji ujumbe wa shukrani. Ilifanya hivyo kwa taarifa moja toka mwanzo hata mwisho, ndipo ikaigusa ya pili. Haikukosea hata mara moja, lakini ilikuwa nzito kama mkokoteni mchangani. Kila taarifa ilichukua sekunde tano hivi. Kina mama walikuwa na desturi ya kulipa karibu wote kwa pamoja magharibi, baada ya kufunga biashara zao. Kwa hiyo wa mwisho alipata shukrani yake baada ya dakika mbili. Dakika mbili si nyingi kwa mwenye shibe, lakini ni nyingi kwa mtu aliyetuma shilingi 10,000 asizo na nyingine. Baadhi yao waliingiwa na hofu wakatuma mara ya pili, na shangazi akapata kazi mpya ya kurudisha fedha za watu.

Nilipochunguza niliona kuwa kompyuta yangu haikuwa na kosa la uvivu wa kutenda. Kompyuta ndogo ya kawaida hutimiza mamilioni ya amri kwa sekunde moja. Karibu sekunde zote tano zilipotea katika kungoja jibu la seva iliyo mbali, na wakati huo wote chombo chenye uwezo mkubwa kilikaa kimefumba mikono. Ndipo nilipoanza kujifunza uandishi wa kazi zisizozuiana.

Mwanzoni vitabu vilinichanganya, mpaka nilipolikumbuka bomba la mtaa wetu wakati wa kiangazi. Maji yanapotoka kwa shida, kina mama hawasimami bombani mchana kutwa. Kila mmoja huiweka ndoo yake katika safu, akaenda zake kupepeta mchele, kufua au kumwogesha mtoto. Ndoo humshikia nafasi yake, na zamu inapofika huitwa akaja. Mama huyo ana mikono miwili tu. Hafanyi kazi tatu kwa dakika moja. Anachofanya ni kukataa kuipoteza saa ya kungoja. Programu za namna hii huenda vivyo hivyo. Mtendaji huwa mmoja. Afikapo mahali pa kungoja huiacha kazi ile, na msimamizi, ambaye wataalamu humwita kitanzi cha matukio, hutazama ni kazi gani nyingine ambayo jibu lake limekwisha fika, akaiendeleza hiyo.

Fikira hii si changa. Mwaka 1958 Mmarekani Melvin Conway alitunga jina la korutini kwa sehemu ya programu ambayo yaweza kusimama katikati, ikaipisha nyingine, kisha ikarudi pale pale ilipoachia. Makala yake juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1963. Baadaye lugha za kompyuta zilitafuta njia nyepesi ya kulitamka jambo hilo. Lugha ya C# ilipata maneno mawili, async na await, mwaka 2012, na Python ikayapata mwaka 2015 katika toleo la 3.5. Neno la kwanza hutangaza kuwa kazi hii yaweza kusimama njiani. La pili huonyesha mahali inaposimama kungoja.

Nilikosea kama wanafunzi wote. Mara ya kwanza niliita kazi kwa jina lake nikasahau kuiwekea neno la kungoja, na kazi haikutendeka kabisa. Nilikuwa nimetaja ndoo bila ya kuipeleka bombani. Mara ya pili niliiweka ndani ya programu amri ya zamani ya kulala sekunde chache, na kazi zote zikalala pamoja nayo, kama mtu aliyesinzia bombani huku mkono wake umeshika koki. Baada ya majuma mawili nilifaulu. Taarifa 24 ambazo zamani zilichukua dakika mbili sasa zilimalizika kwa sekunde sita au saba. Kina mama walinisifu, shangazi akanifanyia pilau, nami nikavimba kichwa.

Ijumaa moja kabla ya masika wauzaji wawili wa soko, mmoja wa vitumbua na mmoja wa samaki wa kukaanga, walifunga biashara zao pamoja. Walikuwa wakitumia benchi moja. Wakakaa juu yake wakatuma fedha zao kwa dakika moja, kila mtu kwa simu yake. Siku ya pili shangazi alisomewa orodha ikawa na majina 23. Jina la muuza vitumbua halikuwamo.

Mama yule alisema kuwa alilipa. Aliombwa aonyeshe ujumbe wa malipo, lakini simu yake ilikuwa ndogo na alizoea kuufuta kila ujumbe anaokwisha usoma. Mwenzake alimshuhudia, na wengine wakasema kuwa rafiki hushuhudia kwa moyo. Niliitwa. Mbele ya wote niliipa programu taarifa moja ya majaribio, ikaiandika sawasawa. Nikaipa ya pili, na ya tatu, mpaka kumi, zote zikaandikwa. Shangazi akaninong'oneza kuwa fedha za akaunti zimezidi orodha kwa shilingi 10,000. Nilimjibu kuwa hapana shaka ni za mtu aliyelipa mara mbili zamani. Ndipo nikasema neno ambalo hata leo huniunguza: nilisema kuwa mashine haisahau.

Mama yule alinitazama kwa kitambo. Akasema, "Mwanangu, chombo chako hakinijui. Wewe wanijua."

Hakusema zaidi. Alilipa faini. Zamu yake, ambayo ilikuwa Ijumaa iliyofuata, ilirudishwa mwisho wa safu. Sote tulijua kuwa alikuwa akiitazamia fedha ile anunue mabati kabla ya mvua.

Siku kadhaa usingizi ulinipa taabu. Neno la yule mama lingaliweza kusahaulika, lakini zile shilingi 10,000 zilizozidi zilikataa kusahaulika. Usiku mmoja niliamka nikafanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya mbele ya mkutano: niliipa programu taarifa mbili kwa wakati mmoja. Nilifungua orodha. Jina lilikuwa moja.

Kosa lilikuwa wazi kama mchana. Taarifa ya kwanza ilipofika, programu iliisoma orodha, ikaenda kungoja jibu la seva. Ilipokuwa ikingoja, taarifa ya pili iliingia, ikaisoma orodha ile ile ambayo bado haikuandikwa kitu, nayo ikaenda kungoja. Jibu la muuza vitumbua lilirudi kwanza. Programu ililiongeza jina lake katika orodha iliyokuwa mkononi, ikaihifadhi. Punde jibu la muuza samaki likarudi. Programu ililiongeza jina lake katika nakala yake ya zamani, ambayo haikuwa na jina la mwenzake, ikaihifadhi juu ya ile ya kwanza. Aliyetangulia akafutwa na aliyefuata, na hapana amri hata moja iliyovunjwa. Programu ya zamani, kwa uzito wake wote, isingaliweza kukosea hivyo, kwa sababu haikumruhusu wa pili kuingia kabla ya wa kwanza kutoka. Kosa la namna hii, aidha, halimtokei mtu ajaye peke yake. Ndiyo sababu majaribio yangu kumi, ambayo yalikuja moja moja, yalishuhudia uongo kwa moyo mkunjufu.

Dawa yake ilijulikana kabla ya mimi kuzaliwa. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho la shida ya kazi nyingi zinazotaka kitu kimoja, ambapo isipasuke zaidi ya moja kukigusa kwa wakati mmoja. Yeye ndiye aliyeleta pia semafori katika elimu hii, jina lililotwaliwa katika ishara za reli ambazo huzuia garimoshi lisiingie katika njia ambayo imo nyingine. Katika Python kipo chombo cha namna hiyo kiitwacho kufuli: kazi inayokishika huingia, na nyingine hungoja mpaka kiachwe. Nililiweka kufuli, na zaidi ya hayo niliubadili mpango wenyewe. Sasa programu hungoja kwanza jibu la seva. Jibu likija ndipo huisoma orodha, ikaandika jina na kuihifadhi papo hapo, bila ya neno la kungoja katikati. Niliipa taarifa 1,000 kwa pamoja, ikaandika majina 1,000.

Kulipokucha niliomba taarifa ya akaunti kwa watoa huduma ya malipo, nikayaona malipo mawili ya dakika moja. Nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilimkuta mbele ya chuma chake cha vitumbua, na juu yake paa lililozibwa kwa nailoni. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha nyesha, na gunia la unga wa mchele lilikuwa limeroa upande mmoja. Nilimwomba radhi nikamweleza kosa lilivyotokea. Alisikiliza huku akigeuza vitumbua vyake, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo lau jibu la mwenzangu lingalitangulia, angaliumbuka yeye?" Nilimjibu kuwa ndivyo. Akatikisa kichwa akasema, "Afadhali ilikuwa mimi. Yeye ana watoto wadogo."

Chama kilimrudishia faini yake, na zamu yake akapewa Ijumaa iliyofuata. Radhi niliiomba tena mbele ya mkutano, mahali pale pale nilipomtahayarisha. Mabati aliyanunua, lakini unga ulioroa haukurudi kuwa mkavu.

Tangu siku ile nimewafunza vijana kadhaa uandishi wa programu za namna hii, nami huwafunza kwa mapenzi, maana ni elimu nzuri na yenye faida. Huwaambia kuwa kila wanapoliandika neno la kungoja wajiulize: ni kitu gani nilichokisoma kabla ya kuondoka, na ni nani awezaye kukibadili kabla sijarudi? Mama aliyeiacha ndoo yake bombani hujua kuwa akirudi ni lazima aitazame safu upya. Hamwambii mtu, "Nilipoondoka nilikuwa wa tatu," bali huangalia yu wa ngapi sasa. Programu yangu haikuwa na hekima hiyo. Ilirudi na habari ya zamani ikaiandika juu ya habari mpya.

Wala haikuwa peke yake. Siku ya mkutano mimi niliisoma orodha kabla ya mama yule kufungua kinywa. Alipokuwa akisema nilikuwa nikingoja amalize. Shahidi wake alisema, shangazi alinong'ona, fedha zilizozidi zilisema kwa sauti yao, na mimi niliporudi kutoka katika kungoja kwangu niliiandika hukumu ile ile niliyokuja nayo. Programu niliitengeneza kwa usiku mmoja. Mwandishi wake bado namtengeneza.